Nani kala utamu wa mpira?

Tarehe 1 Machi 2025 Coastal Union ya Tanga ilikuwa mwenyeji wa Simba kwenye Ligi Kuu. Uenyeji wenyewe ulikuwa wa kwenye ratiba tu. Mechi ilipigwa Arusha, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, zaidi ya kilomita 400 kutoka Mkwakwani, uwanja wa nyumbani wa Coastal, na Simba ikaondoka na ushindi wa mabao 3-0, yote ya Steven Mukwala. Oktoba 2024 Yanga nayo ilikuwa imeshapokewa hukohuko Arusha na kuchukua pointi zake tatu. Mtu wa Ngamiani au Makorora aliyetaka kuwaona Wagosi wa Kaya, yaani Coastal, wakivaana na vigogo alibaki na mawili: nauli ya basi la kutwa nzima, au kiingilio cha banda umiza akaitazame timu ya mji wake kwenye kioo, vilevile anavyoitazama Arsenal.

Mwenye king'amuzi chake Songea hakuona tofauti yoyote. Picha safi, marudio yapo, mchambuzi anachambua. Mwambie huyo kwamba pesa imeharibu mpira, atakushangaa, maana miaka ishirini iliyopita mechi ya Coastal angeisikia redioni, kama angeisikia. Ndipo ubishi huu, wa kama pesa imeuharibu mpira, unapokwama kila ukianzishwa. Mmoja anauliza kama mpira bado mtamu, mwenzake anajibu, na kumbe kila mtu anazungumzia utamu wake. Kuna utamu wa anayecheza. Kuna wa anayetazama. Na kuna wa yule ambaye timu ni yake, ya mtaa wake na ya babu yake, hata ikicheza ovyo. Pesa haikuwapitia watatu hawa kwa mlango mmoja, na kwa maoni yangu huyu wa tatu ndiye aliyelipia zaidi.

Tanga ubishi huu una mwaka wake: 1988, Coastal ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Kaa kwenye baraza yoyote ya kahawa, isifie Yanga ya sasa, utaletewa 1988 kabla kikombe hakijapoa. Nilimsikia kijana mmoja wa bodaboda akimchokoza mzee pale Ngamiani: "Shikamoo babu. Hivi Coastal yenu ile ikikutana na Yanga hii ya leo, inakula ngapi?" Mzee hakugeuka hata. "Marahaba. Inakula wapi kwanza? Maana Mkwakwani siku hizi hawaji." Baraza ikaangua kicheko na kijana akanywea, ingawa swali lake halikujibiwa.

Jibu lake, tukiacha utani, ni kwamba ingekula nyingi. Mchezaji wa leo wa klabu kubwa anafanya mazoezi kama mtu anavyokwenda kazini, ana daktari, ana mtu wa viungo, ana mtu wa kumchambulia video za mpinzani. Mpira anaoucheza una kasi na mpangilio ambao wa zamani hawakuwa na muda wala chakula cha kuufikia. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, Simba ikafika ya 2025. Wanawake wana Ligi Kuu yao tangu msimu wa 2016/17, na mwaka 2022 Simba Queens ilishika nafasi ya nne kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake. Bila pesa hayo yasingekuwepo, na anayesema mpira wa zamani ulikuwa bora kiufundi anapenda ujana wake kuliko mpira.

Lakini mzee hakuzungumzia ufundi.

Kabla ya kumfikia, kuna mambo mawili yanayosemwa sana kuhusu zamani ambayo hayasimami. La kwanza ni kwamba hapakuwa na pesa. Uingereza ilihalalisha kumlipa mchezaji wa soka mwaka 1885. Mwaka 1895 klabu za raga za kaskazini mwa nchi hiyo zilijitenga na chama chao kwa hoja ya kibarua hasa: mchimba makaa akikosa zamu ya Jumamosi ili akacheze, nani amfidie? Wakubwa wa chama wakasema asifidiwe, mchezo ni wa ridhaa. Rahisi kusema hivyo kama hujawahi kukatwa siku. Raga iliyobaki upande wa wakubwa ilikubali malipo waziwazi mwaka 1995, miaka mia kamili baadaye. Na Jim Thorpe, Mmarekani aliyeshinda dhahabu mbili za Olimpiki mwaka 1912, alinyang'anywa mwaka uliofuata kwa sababu aliwahi kulipwa vijisenti kucheza besiboli. Ridhaa ilikuwa heshima ya wenye mashamba na posho za baba zao, na wengine walitakiwa waiheshimu kwa njaa.

Kwetu ilivaa nguo nyingine. Tulikuwa na timu za mashirika na taasisi: RTC Kagera, Ushirika Moshi, Bandari Mtwara, Reli ya Morogoro. Mchezaji aliandikwa kazi ya ukarani au utarishi, akapokea mshahara mwisho wa mwezi, na kila mtu kazini alijua kazi yake hasa ni ipi. Huo nao ulikuwa mpira wa kulipwa, ila risiti iliandikwa jina jingine. Tena ulimlinda mchezaji kuliko mikataba mingi ya leo, kwa kuwa goti likivunjika ukarani ulibaki. Asiyepata shirika la kumwandika alicheza kwa sifa, na sifa hizo ndizo zilizowaacha baadhi ya nyota waliojaza viwanja wakizeeka hawana hata bima ya afya.

La pili ni kwamba zamani kila timu ilikuwa na nafasi ya ubingwa, pesa ikaja ikawapa wawili. Fungua orodha ya mabingwa. Yanga ilitwaa ubingwa mara tano mfululizo, 1968 hadi 1972. Simba ikafanya hivyohivyo 1976 hadi 1980. Hapakuwa na televisheni wakati huo Tanzania Bara, hapakuwa na kampuni ya kubeti kifuani, na bado watu wa Kariakoo walibadilishana kombe wao kwa wao, huku Cosmopolitan mwaka 1967 na Mseto ya Morogoro mwaka 1975 wakichungulia tu. Simba ya 2018 hadi 2021 na Yanga ya 2022 hadi 2025, mara nne mfululizo kila mmoja, hadi hapo hazikuwa zimefika hata walipofika babu zao.

Hata hivyo mzee wa barazani ana kitu cha kushika. Kati ya 1982 na 1988 kombe lilikwenda Pan African, likaenda Tukuyu Stars mwaka 1986, likaja Tanga. Mwaka 1999 na 2000 likaenda Mtibwa. Tangu hapo hadi 2025 ni Azam peke yake, msimu wa 2013/14, aliyewapokonya Simba na Yanga, na Azam ni timu ya tajiri mwenye viwanda, hakuna mtaa uliochangishana kuianzisha. Mlango ulikuwa mwembamba tangu mwanzo. Pesa ilichofanya ni kuweka kufuli.

Kufuli hilo linavyofanya kazi lilionekana vizuri katikati ya mwaka 2022. Tarehe 2 Julai, Arusha, Coastal ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam dhidi ya Yanga. Dakika 120 zikaisha 3-3. Mabao yote matatu ya Coastal yalifungwa na kijana mmoja, Abdul Suleiman, Sopu. Yanga ikashinda kwa penalti, lakini waliokuwepo watakwambia kwamba siku ile Tanga ilisimama sawa na mtu yeyote. Dirisha la usajili likafunguliwa, Sopu akaenda Azam. Septemba ikafika, kocha Juma Mgunda, mtu wa Coastal damu na nyama, akachukuliwa na Simba. Miaka miwili kabla yake beki Bakari Mwamnyeto alishakwenda Yanga. Huwezi kumlaumu hata mmoja wao, na mimi ningekwenda mbio. Ila angalia kilichotokea: timu ndogo ikifanya vizuri, malipo yake ni kubomolewa. Zamani kijana wa Tanga aliondoka pia, lakini wengi walibaki kwa sababu kilichowangoja Dar hakikuzidi sana walichokuwa nacho nyumbani. Leo pengo la mishahara halimwachii mtu nafasi ya kusita.

Pengo hilo linahesabika. Mwaka 2021 shirikisho la mpira, TFF, liliiuzia Azam Media haki za kuonyesha ligi kwa miaka kumi kwa shilingi bilioni 225.6. Kwa wastani ni bilioni 22.56 kwa mwaka. Tuseme zote ziende kwa klabu 16 na zigawanywe sawasawa, jambo ambalo haliko hivyo, kila klabu ingepata kama bilioni 1.4. Ni pesa nyingi, na ndiyo iliyofanya timu nyingi zilipe mishahara iliyokuwa ikichelewa. Sasa weka pembeni mkataba wa mwaka 2022 kati ya Simba na kampuni moja ya kubeti: bilioni 26.1 kwa miaka mitano, yaani zaidi ya bilioni 5 kwa mwaka. Kwa mkataba huo, kifua cha jezi moja ya timu moja kiliingiza zaidi ya mara tatu ya fungu ambalo Coastal ingelipata kwa mgawo wa haki kabisa. Bado tajiri wa klabu, bado zawadi za CAF, shirikisho la soka la Afrika, bado mauzo ya jezi. Haki za televisheni ni miongoni mwa pesa chache zinazofika kwa wote, na kwa wakubwa ni fungu moja tu kati ya mengi.

Hapo watu hukimbilia kusema basi pesa ni sumu. Mifano ya nje inakataa. Ligi ya NFL ya Marekani ni biashara tupu, mpaka mapumziko ya fainali yanauzwa, lakini wamiliki wake wanagawana mapato ya televisheni ya taifa sawasawa, kuna kikomo cha jumla ya mishahara tangu 1994, na timu iliyoshika mkia ndiyo inayochagua kwanza vijana wapya. Matokeo yake hakuna timu iliyowahi kutwaa Super Bowl mara tatu mfululizo. Ujerumani wamefuata njia ambayo wapenzi wa mpira wa wananchi huisifia: wanachama lazima washike zaidi ya nusu ya kura za klabu, tajiri asitambe. Na huko Bayern imekuwa bingwa mara 11 mfululizo, 2013 hadi 2023. Kwa hiyo klabu inaweza kuwa ya wananchi na ligi ikachosha, na klabu inaweza kuwa duka la mtu na ligi ikakuweka roho juu hadi siku ya mwisho. Kinachoamua ni namna chungu kinavyopakuliwa. Sisi tumechukua pesa ya Kimarekani bila sheria zake za kugawana.

Kuna jambo la Tanga lenyewe ambalo halihusiani na televisheni wala kubeti, na nadhani barazani hatulisemi vya kutosha kwa sababu linauma. Timu kubwa hukua kwenye mji wenye ajira. Coastal ya 1988 ilikuwa ya mji wenye mkonge, bandari, reli, kiwanda cha mbolea na cha chuma. Bei ya mkonge ilikuwa imeshaporomoka, viwanda vikaja kufungwa kimoja kimoja, na vijana wakafuata kazi Dar. Waliokuwa wanachangia timu wakawa wanachangiwa. Msimu wa 2015/16 Tanga ilikuwa na timu tatu Ligi Kuu, Coastal, African Sports na Mgambo JKT, na zote tatu zilishuka daraja msimu huohuo. Sidhani kama kuna mkoa mwingine uliowahi kula kibano kama hicho. Ukiniuliza kama kosa ni la mpira wa kulipwa, nitakwambia pesa haikuingia Mkwakwani ikaharibu. Ilipita Segera, njia panda ya kuingilia Tanga, ikaelekea kwingine.

Coastal ilirudi msimu wa 2018/19, na msimu wa 2023/24 ikamaliza ya nne na kwenda Kombe la Shirikisho Afrika, ambako Bravos do Maquis ya Angola iliitoa mapema. Hata uwanja wenyewe wa Mkwakwani si mali ya klabu. Ni wa Chama cha Mapinduzi, kama vilivyo viwanja vingi vikubwa vya mikoani. Klabu isiyomiliki nyumba yake haina cha kukarabati wala cha kuwekea mabango.

Turudi kwa anayecheza, ambaye utamu wake wengi wanadhani umeliwa na mshahara. Mwaka 1973 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichukua watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Kundi moja waliahidiwa cheti chenye utepe wakichora. La pili walipewa cheti bila kuahidiwa. La tatu hawakupewa kitu. Siku kadhaa baadaye kalamu zilipowekwa mezani, walioahidiwa ndio waliochora muda mfupi kuliko wenzao. Waliozawadiwa kwa kushtukizwa hamu yao haikupungua. Tatizo, kumbe, halikuwa kupewa. Mtoto alianza kujiona anachora kwa ajili ya cheti.

Wapo wanaoichukua hiyo na kuhitimisha kwamba shilingi milioni 5 kwa kila bao, ahadi aliyoanza nayo Rais Samia kwa Simba na Yanga kwenye mashindano ya Afrika mwaka 2023, ile inayoitwa goli la mama, inaua raha ya mfungaji. Sikubali. Mtu mzima aliyekwishaifanya kazi yake kuwa mpira haachi kuupenda kwa sababu ya bahasha. Ninachokiona kikiua raha ni mpira wa kulipwa usiolipa. Mchezaji anawekwa kambini, anakatazwa kazi nyingine, anatozwa faini akichelewa mazoezi, halafu mshahara unapita mwezi wa kwanza na wa pili haujafika. Amebeba nidhamu yote ya kulipwa na njaa yote ya ridhaa. Ukimtazama uwanjani utaona anacheza kama mtu anayesubiri filimbi, na hapo hata mtazamaji hawezi kupata kitu.

Na pale njaa na tamaa ya kupanda daraja zinapokutana, mengine hufuata. Mwaka 2016 TFF ilizishusha Geita Gold, Polisi Tabora, JKT Oljoro na JKT Kanembwa kwa kupanga matokeo, baada ya mechi za mwisho za kundi lao la daraja la kwanza kumalizika 8-0 na 7-0 huku mbili kati yao zikikimbizana kwa tofauti ya mabao. Mabao 15 jioni moja, na hakuna aliyefurahi.

Lakini kama ni kutaja kitu kimoja kilichobadilisha utazamaji wenyewe, mimi nataja mkeka, ile orodha ya mechi anazobeti mtu. Ingia banda umiza lolote Tanga Jumamosi jioni. Kwenye benchi la mbele kuna jamaa mwenye jezi ya Coastal, nyekundu na nyeupe, si ya kuazima. Coastal inaongoza 1-0, dakika ya 80. Badala ya kutulia ameinama kwenye simu, mguu unatetemeka. Jirani anamuuliza kulikoni. "Nimeweka GG," anasema, yaani timu zote mbili zifungane. Mkeka wake una mechi nane, saba zimeshakubali, imebaki hii ya timu yake. Mpinzani anapiga kichwa, mpira unagonga mwamba, na mwenye jezi ya Coastal anashika kichwa kwa uchungu. Banda zima linamzomea, naye anajitetea kwamba pointi ni za klabu, mkeka ni wa watoto wake.

Kijana huyu hajaacha kuipenda Coastal. Ila kile kitu kilichokuwa kimoja, roho yake na matokeo ya timu yake, kimepasuliwa vipande viwili na kipande kimoja kimeuzwa. Wakubwa wa soka wanaolalamika kwamba mashabiki hawana mapenzi ya kweli wanavaa tangazo la biashara hiyohiyo kifuani.

Utamu wa ushabiki wa nyumbani umechezewa pia kwa mambo madogo ambayo hayaingii kwenye mjadala. Zamani mpira ulikuwa saa 10 jioni, mtu anatoka sokoni au gatini, anapitia uwanjani, anarudi na magharibi. Sasa mechi zinatawanywa ili kila moja ipate dakika zake hewani, na unaweza kukuta timu yako inacheza saa 8 mchana siku ya kazi, chini ya jua la Tanga. Mwenye runinga anapata mechi tatu mfululizo, mwenye uwanja anapata majukwaa matupu, halafu tunaulizana kwa nini watu hawaendi uwanjani.

Ukitaka kuona kwamba pesa na raha zinaweza kukaa nyumba moja, nenda mchangani wakati wa kombe la mbuzi. Usidhani huko ni ridhaa tupu. Kila timu ya mtaa huchangishana, na zikikaribia nusu fainali mamluki huanza kuletwa: winga wa kutoka Pongwe, kipa aliyewahi kucheza daraja la kwanza, wanalipwa nauli, soda na kitu kidogo mkononi. Kuna zogo la usajili na kuna rufaa, na wazee hugombana kabisa kama yule kipa ni wa barabara ya ngapi. Lakini mechi ni saa 10, uwanja uko nyuma ya nyumba, timu ya barabara ya pili inaweza kabisa kuifunga ya barabara ya kwanza, na ukimtukana kocha anakusikia na anakujibu. Uwanja hujaa hadi watu wanakaa juu ya ukuta. Mbuzi mwenyewe huchinjwa usiku huohuo, na mamluki naye hukaribishwa sinia, mradi alifunga.